Oksijeni ikitoka, elektroni zinabaki: kasoro za fuwele na umeme kwenye oksidi

Swali limeletwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya fizikia:

"Tumefundishwa kwamba oksidi ya zinki hupitisha umeme kwa sababu fuwele zake zina nafasi zilizokosa oksijeni. Hapo ndipo ninapokwama. Kwenye waya wa shaba kasoro huongeza ukinzani, lakini huku naambiwa atomu imetoka na umeme ukaongezeka. Tena oksidi ya nikeli nayo hukosa atomu, ila yenyewe inakuwa semikondakta ya aina ya p (vibeba chaji chanya), si ya n (elektroni). Sasa kasoro ni mbaya au nzuri? Na kama ni nzuri, kwa nini tusiziongeze tu mpaka oksidi ipitishe umeme kama metali?"

Ndugu yangu, hapo kuna maswali matatu, na yote yanasimama juu ya hesabu moja. Upitishaji umeme wa kitu chochote ni zao la vitu vitatu: wingi wa vibeba chaji katika kila sentimita ya ujazo, chaji ya kila kimoja, na wepesi wake wa kusafiri kinaposukumwa na uga wa umeme. Chaji haibadiliki. Kwa hiyo kasoro inaweza kugusa umeme kwa njia mbili tu, ama ibadili wingi, ama ibadili wepesi.

Anza na shaba. Ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²² kwa sentimita ya ujazo, takriban moja kwa kila atomu. Uipinde, uigonge nyundo, uitie uchafu kidogo, wingi huo hautikisiki. Kinachopungua ni wepesi, maana elektroni zinakutana na kasoro na kutawanyika. Ndiyo sababu kwenye metali tumezoea kuiona kasoro kama hasara.

Oksidi ya zinki ina hali nyingine kabisa. Pengo lake la nishati, kati ya bendi ya valensi (ngazi ambako elektroni zimefungwa) na bendi ya upitishaji (ngazi ambako ziko huru kusafiri), ni elektronivolti 3.4 hivi. Joto la chumbani haliwezi kuirusha elektroni umbali huo. Ukikadiria ni elektroni ngapi zingekuwa huru katika fuwele kamilifu, isiyo na kasoro wala uchafu, kwa halijoto ya kawaida, unapata chini ya moja kwa kila mita ya ujazo elfu moja. Fuwele kamilifu ya oksidi ya zinki ingekuwa kihami.

Sasa ingiza kasoro kwa kiasi kidogo sana. Fuwele hiyo ina atomu za zinki zipatazo 4.2 × 10²² kwa sentimita ya ujazo. Tuseme katika kila milioni moja pana kasoro moja, na kila kasoro inaachia elektroni moja. Umepata elektroni huru 4 × 10¹⁶ kwa sentimita ya ujazo. Wepesi wa elektroni katika fuwele nzuri ya oksidi ya zinki ni karibu 200 kwa kipimo cha sentimita za mraba kwa volti kwa sekunde. Zidisha, utaona ukinzani mahususi umeshuka hadi chini ya ohm-sentimita moja. Kasoro moja kwa milioni imekipeleka kihami hadi kwenye semikondakta inayotumika, na wepesi haujaguswa kwa kiasi cha kujali. Kwenye shaba wingi ulikuwa umejaa tangu mwanzo, kwa hiyo kasoro haikuwa na cha kuongeza. Huku wingi ulikuwa sawa na sifuri.

Tuje kwenye kile kinachokukwaza: atomu imetoka, elektroni zimetoka wapi? Ndani ya fuwele, oksijeni inakaa kama ioni yenye chaji hasi mbili. Elektroni hizo mbili za ziada ilizipata kwa majirani zake wa zinki. Lakini oksijeni haiondoki kwenye fuwele ikiwa ioni. Inaondoka kama gesi ya kawaida, atomu mbili zikiungana kuwa molekuli isiyo na chaji. Ili itoke hivyo, lazima kila atomu iache nyuma zile elektroni mbili. Kwa hiyo usiitazame nafasi tupu kama upungufu tu. Atomu imepungua, ndiyo, lakini elektroni zilizokuwa zimefungwa kwenye kani ya kikemia sasa hazina pa kukaa. Zikipata nishati ya kutosha kujitenga na nafasi ile, zinaingia bendi ya upitishaji, na nafasi yenyewe inabaki na chaji chanya mbili ikilinganishwa na fuwele ya kawaida.

Hili linaweza kupimwa, na ndilo linaloipa nadharia hii uzito. Ikiwa kila oksijeni inayotoka inaacha nafasi yenye chaji chanya mbili na elektroni mbili huru, sheria ya msawazo wa kikemia inadai kwamba wingi wa elektroni ubadilike kwa kipeo cha hasi 1/6 cha kanieneo ya oksijeni. Maana yake, kwa halijoto ileile, ukipunguza oksijeni ndani ya tanuri mara milioni moja, upitishaji unapanda mara kumi. Ikiwa nafasi inaachia elektroni moja tu na kubaki na nyingine, kipeo kinakuwa hasi 1/4. Na ukiwa umechanganya alumini, ambayo inakaa pahala pa zinki na kuleta elektroni moja zaidi, mstari unalala bapa, kwa sababu alumini ndiyo inayopanga wingi na oksijeni haina tena sauti. Mteremko wa mstari kwenye grafu ya logi unakuambia ni kasoro gani inayotawala, bila ya wewe kuiona kwa macho. Carl Wagner na Walter Schottky waliweka msingi wa fikra hii mwaka 1930, na mwaka 1933 Wagner pamoja na von Baumbach walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba oksidi ya zinki hupoteza upitishaji kadiri oksijeni inavyoongezeka. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika fizikia ya mango: geji ya gesi na kipima ukinzani vinakueleza kinachotokea kwa atomu moja kati ya milioni.

Oksidi ya nikeli inafuata kanuni ileile, ila upande wa pili. Nikeli inakubali kwa urahisi kuwa na chaji chanya tatu badala ya mbili, na oksidi yake hukosa nikeli, haikosi oksijeni. Inapochomwa hewani, oksijeni ya nje inakaa juu ya uso wa fuwele na kuwa ioni. Kwa hilo inahitaji elektroni mbili. Inazichukua kwa ioni mbili za nikeli, nazo zinakuwa na chaji tatu. Wakati huohuo nikeli nyingine inasogea juu kwenda kujenga tabaka jipya na oksijeni ile, na ndani inaacha nafasi tupu. Kwa hiyo nafasi tupu ya nikeli inakuja na matundu mawili, yaani mahali pawili palipokosa elektroni, na tundu linasafiri kutoka nikeli hadi nikeli likibeba chaji chanya. Ndiyo aina ya p. Hapa oksijeni ikiongezeka, umeme nao unaongezeka, kinyume cha zinki. Hata rangi inasema: oksidi ya nikeli iliyo kamili ni ya kijani, na ile yenye nafasi tupu nyingi ni nyeusi. Verwey na wenzake wa maabara ya Philips huko Uholanzi walionyesha, karibu mwaka 1950, kwamba huhitaji hata kungoja oksijeni. Weka lithiamu yenye chaji moja pahala pa nikeli yenye chaji mbili, na kwa kila lithiamu nikeli moja italazimika kuwa na chaji tatu. Upitishaji unapanda kwa mara mabilioni.

Kwa hiyo usiulize ni atomu ngapi zimekosekana. Uliza iliyotoka ni ioni ya upande gani. Ukipoteza ioni hasi unabakiwa na elektroni, ukipoteza ioni chanya unabakiwa na matundu. Oksidi ya shaba yenye atomu mbili za shaba kwa moja ya oksijeni nayo hukosa shaba, nayo ni ya aina ya p. Katika miaka ya 1920 ilitengenezewa rektifaya (vifaa vinavyoruhusu mkondo upande mmoja tu) za kuchajia betri, miongo miwili kabla ya transista.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya chuo bado havilisemi waziwazi, na linaniuma kwa sababu wanafunzi wanalikariri. Maelezo kwamba oksidi ya zinki ya kawaida, kwenye halijoto ya chumbani, hupitisha umeme kwa sababu ya nafasi tupu za oksijeni, kwa uwezekano mkubwa si sahihi. Katika tanuri la nyuzi mia nane au elfu moja, sawa, elektroni zina nishati ya kutosha kuiacha nafasi ile. Kwenye chumba, nishati ya joto ni elektronivolti 0.026 tu. Hesabu za kwantumu za miaka ya 2000, hasa za Anderson Janotti na Chris Van de Walle wa Santa Barbara, California, zinaonyesha kwamba elektroni za nafasi tupu ya oksijeni katika oksidi ya zinki zimekaa chini sana, karibu elektronivolti moja chini ya bendi ya upitishaji. Kwa kina hicho hazitoki zenyewe. Nafasi ipo, elektroni zipo, lakini zimefungiwa humo humo na hazibebi umeme wowote.

Basi nani anatoa elektroni? Mshukiwa mkuu ni haidrojeni. Eberhard Mollwo mwaka 1954, kisha Thomas na Lander mwaka 1956, walikwisha kuonyesha kwamba haidrojeni ikiingia kwenye fuwele za oksidi ya zinki, upitishaji unapanda. Jambo hilo lilikaa pembeni kwa miongo mingi. Mwaka 2000 Van de Walle alionyesha kwa hesabu kwamba ndani ya oksidi hii haidrojeni siku zote ni mtoaji wa elektroni, wakati katika semikondakta nyingi nyingine inaweza kutoa au kupokea kutegemea hali. Mwaka 2007 yeye na Janotti waliongeza kwamba haidrojeni inaweza kukaa kabisa kwenye kiti cha oksijeni iliyotoka, ikishikamana na zinki zote nne zinazoizunguka, na ikiwa humo inatoa elektroni kwa urahisi. Hilo linasaidia kueleza kwa nini vipimo vya kanieneo ya oksijeni vilionekana kuunga mkono nafasi tupu: haidrojeni ya namna hii inahitaji nafasi hiyo ili ipate pa kukaa. Na haidrojeni iko kila mahali, kwenye mvuke wa maji, kwenye gesi za kutengenezea fuwele, hata ndani ya mirija ya vakyumu.

Pengine unakumbuka jaribio la sekondari la kuchoma kaboneti ya zinki: mabaki ni ya njano yakiwa moto, meupe yakipoa. Wengi waliambiwa njano ile ni oksijeni inayotoka na kurudi. Sehemu kubwa ya njano ile inatokana na pengo la nishati kufinyika kadiri joto linavyopanda, hata mwanga wa buluu na zambarau ukaanza kufyonzwa. Inapoisha na joto, usiitumie kama ushahidi wa kasoro. Fuwele za oksidi ya zinki zilizochomwa ndani ya mvuke wa zinki ndizo zinazobaki na rangi ya njano hadi nyekundu hata zikipoa, na hizo kweli zimekosa oksijeni.

Swali lako la mwisho, kwa nini tusiongeze tu. Tunaongeza, na tunafika mbali. Kioo cha simu yako kina tabaka la oksidi ya indiamu iliyotiwa bati, kwa kawaida asilimia 10 ya uzito. Tabaka hilo lina elektroni huru hadi karibu 10²¹ kwa sentimita ya ujazo, ukinzani mahususi wa karibu ohm-sentimita 10⁻⁴, na bado mwanga unapita. Lakini shaba bado inalishinda mara mia hivi, na vipo vizuizi viwili vinavyolizuia kuifikia.

Kizuizi cha kwanza ni wepesi, ule uliouona kwenye shaba. Kila bati iliyotoa elektroni inabaki na chaji chanya, na kila elektroni inayopita inavutwa nayo na kupotoka. Ukifika kwenye asilimia hizo, watoaji wenyewe ndio kikwazo kikuu cha elektroni walizozitoa.

Cha pili kina kina zaidi. Kadiri unavyojaza elektroni, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa fuwele kutengeneza kasoro za kuzimeza. Nishati ya kuunda kasoro yenye chaji hasi inashuka kila kiwango cha Fermi (kimo cha nishati ambacho elektroni zimefikia kujaza) kinapopanda, kwa sababu elektroni inayotoka juu na kutua ndani ya kasoro inarudisha sehemu ya gharama. Katika oksidi ya indiamu yenye bati nyingi, oksijeni ya ziada inajipenyeza kati ya atomu, inashikana na bati mbili na kuzizima zote. Kuichoma kwenye gesi yenye oksijeni kidogo kunaifukuza oksijeni hiyo na bati zinafufuka. Kwenye oksidi ya zinki kisa hiki kinatesa upande wa p. Watafiti wamejaribu nitrojeni, fosforasi, aseniki na mengineyo ili kupata matundu, lakini vipokezi vya elektroni vinakaa ndani sana, na fuwele pamoja na haidrojeni huleta watoaji wanaovifuta. Mpaka leo oksidi ya zinki ya aina ya p iliyo imara, ya kuaminika kibiashara, haijapatikana. Ukisoma makala inayodai kuipata, tazama kwanza kama kipimo cha Hall, kinachotumia sumaku kujua kama vibeba chaji ni hasi au chanya, kimerudiwa baada ya miezi.

Titani inakwenda njia nyingine. Ukiondoa oksijeni nyingi kwenye oksidi ya titani, nafasi tupu hazibaki zimetawanyika. Zinajipanga kwenye bapa, fuwele inateleza na kuziba bapa hilo, na unapata maada mpya kabisa yenye fomula yake. Ti₄O₇ ni moja ya hizo, na kwenye halijoto ya chumbani inapitisha umeme kwa namna ya metali. Hapo neno kasoro limekwisha maana yake, kwa kuwa imekuwa mpangilio.

Nimezungumza hadi sasa kana kwamba kila kitu ni fuwele moja. Kwenye kazi, oksidi nyingi ni unga uliochomwa ukashikana, chembe juu ya chembe, na mpaka kati ya chembe mbili ni kasoro kubwa kuliko zote. Sioni mfano bora kuliko varista, kipande kinachokinga vifaa dhidi ya volti za ghafla, ambayo Matsuoka na wenzake wa kampuni ya Matsushita nchini Japani waliiendeleza mwishoni mwa miaka ya 1960. Unachukua oksidi ya zinki, unatia oksidi ya bismathi na viungo vingine kidogo, unachoma. Ndani, chembe zinapitisha umeme vizuri. Mipakani, bismathi na oksijeni ya ziada zinanasa elektroni, chaji hasi inajikusanya, na pande zote mbili elektroni zinasukumwa nyuma. Mpaka unakuwa ukuta. Ukuta huo unashikilia mpaka volti zifike karibu 3, halafu unavunjika ghafla na mkondo unapita kwa wingi. Volti zikishuka, ukuta unarudi.

Fanya hesabu: chembe za mikromita 10, kidonge cha unene wa milimita 1.5, ni mipaka 150 ikiwa imepangana, yaani volti 450 hivi. Inatosha kukaa kimya kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230, ambao kilele chake ni 325, na kufunguka umeme unaporuka. Ndicho kile kidonge bapa cha buluu au cha rangi ya chungwa utakachokiona ukifungua soketi ya kurefusha yenye kinga. Vidonge vikubwa zaidi, vikipangwa kwenye nguzo, ndivyo vinavyokinga transfoma dhidi ya radi, na kuanzia Ziwa Victoria hadi mashariki ya Kongo, eneo ambalo ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi kuliko yote duniani, kazi hiyo si ndogo. Na hapa oksijeni inarudi: choma varista iliyokamilika ndani ya nitrojeni, ukuta unapotea na kidonge kinakuwa kipande cha kawaida chenye ukinzani mdogo. Vilevile kila mshtuko mkubwa unazisogeza ioni za zinki zilizojipenyeza kati ya atomu kuelekea mpakani, zinafuta sehemu ya chaji iliyonaswa, na ukuta unapungua kimo. Ndivyo varista zinavyozeeka. Vihisi vya gesi vya oksidi ya bati hutumia ukuta wa namna hiyohiyo, ila huko oksijeni iliyonata kwenye uso ndiyo inayoushikilia, na gesi ya kupikia inayovuja inaila oksijeni hiyo na kuushusha.

Ukipata nafasi ya kupima mwenyewe, ushauri wangu ni huu. Pima kwa ncha nne, si mbili, la sivyo utapima mguso wa waya badala ya oksidi. Weka sampuli gizani kwa saa kadhaa kwanza, kwa sababu oksidi ya zinki ikipigwa na mwanga wa jua hubaki na elektroni za ziada kwa muda mrefu baada ya mwanga kuzimwa. Andika kasi ya kupoza, maana kasoro zilizoundwa kwenye joto kubwa zinaganda njiani: sampuli mbili za unga mmoja, moja imepozwa polepole na nyingine ghafla, zitakupa namba tofauti kabisa.

Na kama unataka kutenganisha haidrojeni na nafasi tupu, ichome sampuli kwenye nitrojeni yenye haidrojeni chini ya asilimia 5, ipime, kisha ichome tena kwenye nitrojeni kavu safi na uipime upya. Ndani ya nitrojeni safi hakuna oksijeni ya kuziba nafasi tupu, lakini haidrojeni ina njia ya kutoka. Upitishaji ukishuka, umepata dalili nzuri kwamba haidrojeni ilikuwa na mkono. Ukiwa na spektromita ya infraredi, rudia kwa kutumia deteri (haidrojeni nzito): mstari wa kani ya oksijeni na haidrojeni utahamia kwenye masafa madogo zaidi, kwa uwiano wa karibu 1.4, na hakuna nafasi tupu inayoweza kufanya hivyo.